Kisiwa si changu, na boti ile si yangu

Mwanangu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili: mara ya kwanza nikiwa gatini upepo unanipiga, mara ya pili kitandani. Unasema pale Kibirizi, Kigoma, wameshasambaza kwamba shangazi yako amenunua kisiwa Ulaya. Amenunua! Unasema mmeona picha yangu nimekaa kwenye boti nyeupe, nyuma yangu nyumba nyekundu, na kwamba baba yako amekubali muuze mashine ya boti ili yule mtu wa Dar apewe milioni saba, akutafutie viza, uje ukae na shangazi kisiwani.

Mashine isiuzwe. Nimelitanguliza hilo ili hata ukichoka kusoma hapa katikati, uwe umelipata.

Sasa kisiwa. Kinaitwa Styrsö, na kiko jirani na Göteborg, mji wa pili kwa ukubwa Uswidi, ule wenye bandari kubwa na kiwanda cha Volvo. Kutoka mjini unapanda tramu kama nusu saa mpaka Saltholmen, reli inapoishia kwenye maji. Nilipofika pale mara ya kwanza nilicheka peke yangu: nimetoka Kigoma mwisho wa reli nikaja mwisho wa reli. Pale unaingia kwenye boti kwa tiketi ileile ya tramu, na boti inakwenda ikigusa kisiwa hiki na kile. Magari binafsi hakuna. Watu wanatembea, wanaendesha baiskeli, na mizigo wanabebea vipikipiki vya matairi matatu, guta kabisa, ila tenga lake liko mbele. Hata mgonjwa wa kukimbizwa hospitali anavushwa kwa boti.

Wenye nyumba zile nyekundu na nyeupe ni watu wenye hela zao. Kisiwa cha Donsö, tunachounganishwa nacho kwa daraja, kina matajiri wa meli za mafuta wanaoishi kimya kimya kama wauza vitumbua. Mimi nimepanga chumba kimoja kwa bibi mmoja mjane. Kodi amenipunguzia kwa sababu namkatia kuni na namwondolea theluji mlangoni. Boti ya kwenye picha ni ya jirani. Alikuwa anaipaka rangi chini, akaniomba nimshikie kamba, mwenzangu wa kazini akapiga picha. Niliituma kwa sababu siku hiyo jua lilitoka. Ndiyo hivyo tu, na sasa nakoma kutuma picha.

Kazi yangu mnaijua kwa jina la "anafanya kazi na wazee", na mkilisema hivyo linapendeza. Ngoja nikuambie linavyokuwa. Desemba jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi na saa tisa na nusu alasiri limeshazama. Saa moja asubuhi, giza totoro, niko kwenye baiskeli na upepo wa bahari unaingia mpaka kwenye fizi. Naingia nyumba ya kwanza. Simu ya kazini imeniandikia dakika: huyu dakika ishirini na tano, yule kumi na tano. Namgeuza mzee, namvua pempasi, namsafisha, namwogesha, namvisha soksi zile za kubana miguu ambazo kuzipandisha ni sawa na kuvuta nyavu iliyokwama kwenye jiwe. Natengeneza kahawa. Naondoka. Nyumba ya pili. Nimewahi kutemewa mate. Nimewahi kuambiwa na bibi mmoja niiweke mikono yangu juu ya meza aione, ahakikishe nimenawa, na mikono nilikuwa nimenawa mbele ya macho yake. Niliiweka. Mimi, niliyekuwa karani wa mahesabu hapo Kigoma, mwenye meza yangu na muhuri wangu.

Lakini hilo silo linaloniuma, maana kazi ni kazi na hao wazee wengine nimewapenda. Linaloniuma ni hili: mama yako, wifi yangu, ndiye anamwogesha mama yangu hapo Ujiji. Ndiye anayemgeuza, ndiye anayempaka mawese kwenye magoti. Mimi mama yangu sijawahi kumwogesha hata siku moja. Naijua migongo na makovu ya wanawake wa Kiswidi kumi na mmoja, na mgongo wa mama yangu siujui. Natuma laki tatu kila mwezi, na zikichelewa siku mbili baba yako ananitumia ujumbe wa alama ya kuuliza tupu. Wifi hajawahi kuuliza. Hata akinipigia ni kunisalimia. Afadhali angeuliza.

Kuna mzee mmoja hapa alikuwa mvuvi. Miguu haifanyi kazi ila kichwa ni kizima. Nikamweleza mnavyovua dagaa usiku wa kiza kwa karabai, taa zimetapakaa ziwani kama mji, akanisimamisha nimalize, akasahau mpaka kahawa. Nikamwambia juu ya Liemba, meli yetu ya ziwani: imejengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku, ikaja kwa reli mpaka Kigoma ikaungwa upya, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiopoa 1924 na ikarudi kazini 1927. Hakuniamini. Nikamtolea simu, nikamwonyesha. Siku ile nilikaa dakika arobaini kwenye nyumba ya dakika ishirini, nikagombezwa. Huyo mzee watoto wake wako hapo mjini, boti moja na tramu moja. Wanakuja Krismasi. Msiwaseme vibaya lakini, maana mimi ni nani wa kuwasema?

Na mzee huyo hana haja ya kumwomba mtu hela. Kwenye mshahara wetu inakatwa kodi ya serikali, na humo ndimo inamotoka hela ya kumlipa mtu kama mimi aje amwogeshe. Kwa hiyo ukisikia mshahara wa Ulaya, toa kodi ya serikali kwanza, toa kodi ya chumba, toa nauli, kisha toa Kigoma. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue, tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti, baba yako akaweka boti juu ya mchanga, mimi nilichukua zamu za Jumamosi na Jumapili miezi yote mitatu. Kila pempasi niliyobadilisha Juni ile ilikuwa unga wenu wa muhogo. Sikusimangi. Basi, nakusimanga kidogo.

Sasa huyo mtu wa Dar. Muulize maswali mawili tu. Moja, mwajiri ni nani na barua yake ya ajira iko wapi, kwa sababu hapa kibali cha kazi kinaombwa ukiwa ungali huko, na hakiombwi bila mwajiri. Pili, mshahara ni kiasi gani. Zamani mshahara wa kronor 13,000, hela ya hapa, kwa mwezi ulitosha kupewa kibali. Novemba 2023 wakaupandisha mpaka asilimia 80 ya mshahara wa kati wa nchi nzima, zaidi ya mara mbili ya ule wa zamani, na mgeni asiye na Kiswidi ni vigumu kupewa hela hiyo kwa kuogesha wazee. Mimi niliingia kupitia shule, kwa ufadhili, nikabadilisha kibali huku masharti yakiwa mepesi. Mlango huo wa masharti mepesi umeshatiwa kufuli, na huyo mtu wako anakuuzia funguo za mlango huo. Milioni saba!

Kwa hiyo usije. Kaa na ziwa lako. Migebuka haijakutupa.

Ila ukipata shule yenye ufadhili, njoo hata kesho, chumba tutabanana na bibi nitamwambia wewe ni mwanangu, ambayo ni kweli. Usije bila ufadhili, maana sisi tusio wa Ulaya tunalipishwa ada tangu 2011 na ada yenyewe inatisha. Anza Kiswidi leo, kiko bure kwenye simu hiyohiyo unayoangalizia mpira. Ukija, ukae mjini, usikae huku kisiwani. Huku kimya kinazidi, nikikohoa usiku naona aibu nimemwamsha bibi. Mjini kuna Warundi na Wakongo wanaopika ugali wa muhogo na mawese Jumapili, na mimi kila mara naondoka wenzangu wakiwa ndiyo wanaanza kuimba, nawahi boti. Halafu asubuhi nafungua dirisha, bahari imelala kama ziwa letu pale Bangwe saa kumi na mbili, na sitaki kuhama. Usinielewe.

Mashine mwambie baba yako aifunike, aimwagie oili. Hela ya plagi na nyavu nitatuma mwisho wa mwezi, nitaituma kwa mama yako.

Bibi yako mwambie nitapiga Jumapili saa kumi za huko. Simu ashike mwenyewe, msimshikie. Najua ataigeuza nione dari tu. Aigeuze.