Maswali ya wasomaji: sevo za eleroni kwenye ndege kubwa ya rimoti

SWALI: Shikamoo fundi. Namalizia kujenga ndege ya Piper Cub ya robo skeli (robo ya ile halisi), bawa karibu mita 2.7, injini ya petroli. Ndege yangu ndogo ilikuwa na sevo (kimota cha kusukuma) moja katikati inavuta eleroni zote mbili, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoilaza ndege upande. Kwa hii sijui niweke za kilo ngapi, jamaa kaniambia ninunue za kilo 35 tu nisiumize kichwa. – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hongera kwa kufika hapo. Jamaa yako ana nia njema ila kilo 35 kwenye Cub hutazitumia, utalipa hela nyingi na betri itaumia bure. Sevo ya kilo 10 maana yake mkono wake (kile kijiti kinachozungushwa na sevo) ukiwa na sentimita 1 toka katikati inashikilia kilo 10, ukiwa na sentimita 2 inabaki kilo 5. Kwa Cub ya robo weka sevo moja kwa kila eleroni, saizi ya kawaida, gia za chuma, kilo 8 mpaka 10 inatosha kabisa, ila angalia hiyo namba imepimwa kwa volti ngapi maana wengi wanaandika kwa herufi kubwa namba ya volti 7.4 halafu wewe unaipa 6, nguvu inashuka. Usipunguze sana pia, kwa sababu spidi ikiongezeka mara 2 mzigo wa upepo kwenye eleroni unakuwa mara 4, na siku moja utapiga mbizi tu.

Ila mi nakwambia ukweli, eleroni nyingi zinaharibika kwa ufungaji, sio kwa kilo. Washa redio (rimoti yako), trimu (vile virekebisho vidogo vya stiki) zote sifuri, ndo uvalishe mkono wa sevo. Unatakiwa usimame nyuzi 90 na rodi, ule waya unaounganisha sevo na eleroni. Ukiona umelala kidogo usikimbilie kurekebisha kwenye redio, chukua ule mkono wa pembe nne uzungushe ujaribu kila pembe. Shafti nyingi zina meno 25, na 25 haigawanyiki kwa 4, kwa hiyo kila pembe inakaa tofauti kidogo na mwenzake, kama nyuzi 3.6 hivi, lazima moja itakuja karibu na 90. Hiyo ndo unabakiza, zingine kata, kinachobaki kidogo ndo umalizie kwenye redio.

Halafu matundu. Watu wanachomeka rodi tundu la mwisho kabisa kwenye mkono wa sevo, eleroni inapiga sana, wanaenda kupunguza kwenye redio mpaka asilimia 40. Hapo umetupa nguvu ya sevo, na kila kaulegevu ka gia kanaonekana kakubwa kwenye eleroni. Fanya kinyume chake, tundu la ndani kwenye sevo, tundu la juu kwenye leva ya eleroni (kile kipembe rodi inaposhika), redio iache 100 au zaidi. Na tundu la leva likae juu ya mstari wa bawaba, lisiende mbele wala nyuma.

Ukimaliza shika mkono wa sevo usisogee, tikisa eleroni kwa ukingo wa nyuma. Ikicheza milimita 2 tafuta inapolegea, mara nyingi ni tundu lililopanuka au boli jointi (kiungo cha mwisho wa rodi) iliyokwisha. Usiruke hivyo hivyo!! Eleroni inayocheza ikikutana na spidi inaanza kupigapiga, na hiyo ikishika sekunde mbili tatu tu inang'oa bawaba. Ziba na ule mwanya wa bawaba kwa selotepu ngumu, eleroni itaitika vizuri zaidi.

Kwa kuwa ni Cub, eleroni ipande zaidi kuliko inavyoshuka, anza na nyuzi 20 juu na 10 chini. Ikishuka sana inavuta pua upande usioutaka, Cub ina tabia hiyo tangu ile kubwa ya kweli, ndo maana kila sevo ipe chaneli yake kwenye redio, na usukani wa mkia uutumie.

Umeme: betri ya LiFe seli 2, volti 6.6, na waya wa AWG 22 (kipimo cha unene) mpaka kwenye bawa, ule mwembamba unakula volti njiani. Na wewe uko pwani, chomoa plagi mara kwa mara uangalie kama zimeota kijani.

SWALI: Fundi, ndege yangu ya sarakasi, Extra ya mita 2.6, ina sevo mbili kila eleroni, zinaunguruma hata nisipogusa stiki na moja inapata moto. Ni mbovu? – Msomaji, Muscat

JIBU: Huenda ni nzima, zinagombana tu. Zima, toa rodi ya ile yenye moto, washa tena uone rodi inaingia tundu lake yenyewe bila kusukumwa. Fanya hivyo katikati, juu mwisho na chini mwisho, hizo tatu zote lazima zikubaliane. Mikono iwe na urefu sawa, tundu lile lile, rodi sawa, halafu kila sevo chaneli yake ili urekebishe peke yake. Kama una mita ya ampea ipitishe kwenye waya wa kila sevo, eleroni ikiwa imetulia zote zinatakiwa kula kidogo na karibu sawa. Ikibaki moja inakula sana hata rodi ukiwa umeichomoa, basi hiyo ni mbovu kweli, ibadilishe kabla hujaruka.