Staa anazeeka, mkataba wa nini mapema?
Umeuliza kama timu ya besiboli imwongezee staa mkataba wakati bado ana miaka miwili kwenye mkataba wake wa sasa, mimi nasema hapana, subirini, maana timu ya Phillies ya Marekani walimfanyia hivyohivyo staa wao Ryan Howard Aprili 2010, miaka 5 dola milioni 125, na ulikuwa uanze 2012, sasa kabla hata haujaanza jamaa kachanika kano ya kisigino mechi yao ya mwisho ya 2011 na hakurudi kuwa yuleyule tena. Timu ya Tigers nao walimuongezea mapema hivyohivyo staa wao Miguel Cabrera 2014, miaka 8 dola milioni 248! Na kwenye besiboli hela ya mkataba ni uhakika, akikaa benchi analipwa. Napenda sana mchezaji azeekee timu moja, kweli kabisa, ila amalize kwanza huu alionao halafu mpeni mwaka mmojammoja.