Msianze na kufukuza, anzeni na daftari la mahudhurio

Niseme ukweli toka mwanzo, mara ya kwanza kamati yetu ilipojaribu kupambana na ajira ya watoto tuliharibu. Tulikuwa watu saba, wote tuna hasira, tukasikia kuna watoto wanaponda kokoto, basi tukaenda kwa kishindo na viongozi, tukafoka weee, mwenye machimbo akaingiwa na woga, watoto wakatawanyika. Tukarudi tunapongezana. Wiki tatu baadae nikamkuta mmoja wao, kijana wa miaka 11 hivi, anabeba mizigo usiku, vidole bado vina makovu ya nyundo, ila sasa hata anayemtumikisha hatumjui ni nani. Nikamuuliza, vipi shule? Akaniangalia tu, akasema "si nyie ndo mlitufukuza kazini?"

Aisee, niliishiwa maneno. Kuja kufuatilia, kumbe anaishi na bibi yake mgonjwa na zile hela za kokoto ndo zilikuwa zinanunua dawa. Sisi tulikata mkono uliokuwa unalisha nyumba halafu tukaenda zetu kulala.

Kilichotuokoa ni mwalimu mstaafu aliyekuwa kwenye kamati. Akasema acheni kuzunguka na viongozi, niombeeni daftari la mahudhurio pale shuleni. Tukakaa nalo jioni moja, majina yale yale, alama za kutokuwepo zimejipanga kama mistari ya mchwa, na karibu zote zinaangukia siku za soko. Hakuna aliyehitaji kutuambia watoto wako wapi. Tangu hapo kila mwezi mtu mmoja wa kamati anakaa na walimu, anachukua majina ya waliokosa zaidi ya siku tatu, halafu tunagawana nyumba za kutembelea, wawili wawili, bila sare wala makaratasi. Unaenda kama jirani, unauliza kwanza hali, shule inakuja mwishoni.

Na ukienda hivyo utakuta mengi ambayo ukiwa ofisini huyaoni. Nyumba moja ni deni, nyingine mama kajifungua hakuna wa kumsaidia, nyingine mtoto mwenyewe kakimbia viboko na kaona bora kazi. Kuna mmoja alikuwa anaona aibu tu, ana miaka 12 wamemuweka darasa la watoto wa miaka 7, nani angekaa? Huyo ukimrudisha bila kumtafutia masomo ya kumfidia kwanza ataondoka tena. MV Foundation, shirika la kule India linalotoa watoto kazini na kuwarudisha shule, walilitambua hili zamani, wakawa na kambi za kuwaandaa watoto kabla ya kuwaingiza darasa linalolingana na umri wao. Sisi hatuna kambi, tuna wanafunzi wawili waliomaliza sekondari wanaofundisha jioni, lakini inasaidia.

Watu wengi wakisikia utumikishwaji wa watoto wanamuwazia tajiri fulani katili. Yupo, sikatai. Ila makadirio ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) na UNICEF ya mwaka 2024 yanasema watoto kama milioni 138 duniani wako kwenye ajira hizi, milioni 54 kati yao kwenye kazi za hatari, na asilimia 61 wako kwenye kilimo, mara nyingi shamba la familia yao wenyewe. Kwa hiyo unayekwenda kuongea nae ni baba na jembe lake, na huyo ukimtukana umempoteza. Na usimuambie mtoto asiguse kazi kabisa, atakucheka, mtoto kuosha vyombo au kusaidia shamba baada ya shule ni malezi. Mimi huwa nauliza vitatu tu: inamkosesha darasa? inamuumiza? inamnyima usingizi? Ikiwa ndio hata kwa moja tunakaa chini tuongee.

Sheria zipo jamani, hazijakosekana. Mkataba wa ILO namba 138 wa 1973 unaweka umri wa chini wa kuajiriwa miaka 15 (nchi zenye uchumi mdogo zinaruhusiwa 14), na ule namba 182 wa 1999 unaohusu kazi mbaya kupita zote hadi mwaka 2020 ulikuwa umeridhiwa na nchi zote wanachama wa ILO. Kwenye karatasi tumeshashinda.

Sasa hela, maana hapo ndo kamati nyingi zinakwama. Tulianzisha kikundi cha kuweka na kukopa, akina mama wakakopa wakafungua biashara, tukafurahi... miezi miwili baadae tunakuta mama yuko sokoni, mtoto ndo analinda genge. Mkopo umezaa ajira mpya! Ikabidi tukubaliane kwenye kikundi kwamba kabla ya kupewa mkopo tunaulizana nani atakaa dukani saa za shule. Na tukatenga mfuko mdogo wa dharura usio na riba, wa dawa na msiba, kwa sababu watoto wengi wanatolewa shule wiki ya shida, hawatolewi kwa mpango.

Ila kuna mambo hayahitaji vikao. Mtoto kauzwa, anatumikishwa kingono, kaingizwa kwenye dawa za kulevya, au yule binti wa kazi za ndani anayepigwa na haruhusiwi kutoka, hapo usijifanye mpatanishi, piga simu ya msaada kwa watoto (nchi nyingi za Afrika ni 116) au nenda polisi siku hiyo hiyo. Sisi tuliwahi kukaa kumsubiri "mwenye nyumba ajirekebishe", na binti akahamishwa usiku, hadi leo hatujui alikopelekwa.

Yule kijana wa kokoto amerudi shule. Mfuko unanunua dawa za bibi, majirani wawili wanapokezana kumuangalia asubuhi. Bado anakosa siku moja moja, mwezi uliopita mbili, na zote zilikuwa siku za soko, kwa hiyo Jumamosi narudi tena kwao.