Yupo Eugene Bullard

Hapana ndugu, si kweli kwamba Wamarekani waliorusha ndege za Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza walikuwa weupe watupu. Yupo Eugene Bullard, mtu mweusi wa Columbus, Georgia. Alianza 1914 akiwa askari wa miguu upande wa Ufaransa, akajeruhiwa vibaya kwenye mapigano ya Verdun 1916, ndipo akageukia ndege. Leseni ya urubani aliipata Mei 1917. Marekani ilipoingia vitani ikawachukua marubani wenzake, yeye ikamwacha. Rangi tu! Sasa sikia hii: 1959 Ufaransa inamvika nishani ya Légion d'honneur, na kule New York mzee wa watu anaendesha lifti. Uluteni wa jeshi la anga la kwao Marekani alipewa 1994, miaka 33 baada ya kufariki.