Ukichagua fonti ya sikukuu ya Mtakatifu Patrick, anza na herufi é

Kila Machi 17 ikikaribia, wenye baa na migahawa hapa Dublin huanza kunitafuta niwatengenezee mabango. Mwaka wa kwanza niliiona kazi rahisi: kijani kingi, jani la shamroki (vijani vitatu, jamani, si vinne), halafu fonti ya Kiayalandi. Nikaingia kwenye tovuti ya fonti za bure, nikachukua ile iliyosokotwa kuliko zote, kila herufi ukili mtupu.

Mteja wangu alikuwa mzee wa makamo ya babu. Alilishika bango, akavaa miwani, akaweka kidole juu ya neno Fhéile katika "Lá Fhéile Pádraig", yaani Sikukuu ya Patrick. "Hii é imetoka wapi?" Nikatazama. Herufi zote zilikuwa za kale, lakini é na á zilikuwa nyembamba, zimenyooka kama za fomu ya benki. Fonti yangu haikuwa nazo, kwa hiyo programu ilizichomeka kutoka fonti nyingine bila kuniambia. Mabango yalikuwa yameshachapwa. Karatasi nililipia mimi.

Kwa hiyo, kabla hujaipenda fonti, iandikie á é í ó ú, kubwa na ndogo. Kile kimstari cha juu kinaitwa fada, na hakiwekwi kwa urembo. Éire ni jina la nchi. Kiondoe, unabaki na eire, neno lenye maana ya mzigo. Kwenye simu, shikilia herufi kidogo, fada itajitokeza.

Baadaye nilielewa kwa nini yule mzee alikuwa na jicho kali vile. Sisi wageni tunaziona herufi hizi kama za hadithi za majini na mapango. Zilitokana na mwandiko wa watawa, kama ule wa Kitabu cha Kells, cha mnamo mwaka 800, kilichohifadhiwa Trinity College hapa mjini. Mwaka 1571 kikachapwa Dublin kitabu cha kwanza kwa chapa iliyotengenezwa kwa ajili ya Kiayalandi, na herufi za namna hiyo zikaendelea kutumika shuleni mpaka miaka ya 1960. Mzee wa umri ule alizisoma akiwa na kaptula.

Halafu kuna nukta. Katika uandishi wa zamani, konsonanti ikilegezwa katika matamshi, huwekewa nukta juu: Ḟéile. Katika uandishi wa sasa nukta imekuwa h: Fhéile. Chagua moja. Nimeona mabango yenye vyote viwili kwenye neno moja, ni kama kuvaa kanzu juu ya suti. Ukitaka za zamani zenye nukta zake, tafuta fonti za Bunchló za Vincent Morley. Uncial Antiqua inapatikana Google Fonts, na leseni yake inaruhusu kazi ya biashara. American Uncial ni nzuri, ila ujue ni kazi ya Victor Hammer, Mwaustria, ya mwaka 1943. Mimi naitumia pale mteja anapotaka sura ya baa ya Kiayalandi ya ughaibuni, basi.

Usiandike bango zima kwa herufi hizi. Katika zile za jadi kabisa, r inafanana na n, s inafanana na r, na g ina kichwa bapa kama 5 iliyolewa. Jaribu kuandika "burger" uone kama kuna atakayeagiza. Kichwa cha habari kinatosha. Saa, bei na anwani ziende kwenye fonti ya kawaida ambayo mtu ataisoma akiwa ndani ya basi.

Mwaka jana Waswahili wenzangu wa hapa walinipa kazi ya tafrija yao ya siku hiyo hiyo. Walitaka "Karibuni wageni, sikukuu njema". Nikaiweka, ikakataa. Alfabeti ya jadi ya Kiayalandi ina herufi 18 tu: haina j, k, q, v, w, x, y wala z. Kiswahili bila k na w? Hizo herufi kwenye fonti hubuniwa na mbunifu mwenyewe, na mara nyingi zinaonekana kama kiraka cha kitenge kwenye shuka jeupe. Hata Patrick ana k, Pádraig hana.

Nikakaa na kalamu nikitafuta maneno yetu yanayoingia ndani ya zile 18. Tukakubaliana juu iandikwe "Ngoma na chai". Haikukosekana herufi hata moja.