Uliza Fundi: CNC inagoma kwenda homu

Shikamoo fundi. Nina ruta ya CNC (mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta) nimeiunga mwenyewe hapa Morogoro, bodi yake ni Arduino Uno na CNC Shield V3 ya kuchomekea nyaya juu yake, programu ya ndani, GRBL, ni 1.1, nachonga vibao vya majina na milango ya makabati. Swichi za limiti, zile za kuiambia mashine imefika mwisho, zote nimefunga NC (umeme unapita mpaka ibonyezwe) na $5, setingi ya kugeuza usomaji wa swichi, nimeweka 1. Nikiandika $H (amri ya kwenda homu, yaani mashine itafute mahali pake pa kuanzia) Z, mhimili wa juu na chini, haipandi kabisa, inashuka kidogo tu kama milimita moja inasimama, inaleta ALARM:8. Waya wa Z nimechomeka pale palipoandikwa Z+. Swichi nimeshabadilisha mara tatu. Na hata nikizima homu nikaacha limiti peke yake kwa X na Y, nikiwasha spindo (mota inayozungusha kisu) katikati ya kazi inakufa na ALARM:1 wakati hakuna kilichogusa swichi. Ubao mzima wa mninga umeharibika juzi. Nisaidie.

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa huo mninga, najua bei yake. Swichi zako ni nzima, zote tatu ulizotoa usizitupe.

Hiyo milimita moja uliyoiona ndiyo imenipa jibu. Mashine ikihomu inapanda mpaka iguse swichi, halafu inarudi nyuma kidogo kuiachia, na hicho kipimo cha kurudi ni $27, ukikikuta hujakigusa ni milimita 1. Sasa yako haipandi, inarudi tu, maana yake tangu mwanzo inaamini swichi ya Z imeshabonyezwa, inarudi ile milimita yake, inaangalia tena inakuta bado imebonyezwa, inakata tamaa. ALARM:8 ni hiyo tu, nimerudi nyuma na swichi haijaachia.

Kwa nini inaamini hivyo? Shield V3 ilichorwa enzi za GRBL 0.8, wakati huo limiti ya Z ilikuwa pini 11 ya Arduino. Kuanzia 0.9 waliamua pini 11 iwe ya kurekebisha spidi ya spindo, limiti ya Z ikahamia pini 12, lakini maandishi kwenye bodi yakabaki yale yale ya zamani. Kwa hiyo wewe umechomeka Z+ kama bodi inavyokwambia na GRBL inasoma pini 12 ambayo haina kitu, na kwa NC pini isiyo na kitu inasomeka kama swichi iliyobonyezwa. Hata ungebadilisha swichi 10 isingepona. Hamisha huo waya uweke palipoandikwa SpnEn, hiyo ndiyo pini 12, wa grandi unabaki grandi. Na uhamishe kabla hujawasha tena, maana pini 11 sasa inatoa umeme, na swichi yako ya NC inaipeleka moja kwa moja grandi, ukiwasha spindo kwa amri ya M3 unaweza kuichoma pini ya Arduino.

Ukimaliza usikimbilie $H. Weka $21=0 ili limiti zisisimamishe mashine, halafu tuma alama ya ? peke yake, itakujibu mstari wenye MPos (mahali mashine ilipo) na namba. Kama hakuna swichi iliyoguswa usione Pn popote. Sasa bonyeza swichi ya X kwa kidole, ukiwa umeishikilia tuma ? tena, lazima itokee Pn:X ndani ya huo mstari, ukiachia ipotee. Fanya hivyo Y, fanya Z. Ikitokea X wakati umebonyeza Y basi nyaya zimepishana. Hii haichukui dakika 2 na mimi kila mashine inayoletwa mezani kwangu naanza nayo kabla sijagusa setingi hata moja, kwa sababu watu wengi wanabadilisha $5, $23, $3 kwa kubahatisha mpaka kosa moja linakuwa manne.

Sasa ALARM:1. Hiyo ni kelele za umeme kutoka kwenye mota ya spindo, zinaingia kwenye nyaya za limiti na GRBL inadhani umegonga mwisho. Nina uhakika nyaya zako za swichi umezifunga pamoja na waya wa spindo kwenye mnyororo mmoja ili zipendeze, sisi wote tulianza hivyo. Zitenganishe, zikipishana zipishane kama msalaba. Tumia waya wenye wavu wa chuma wa kuzuia kelele, na huo wavu uungie grandi upande wa bodi tu, upande wa swichi uache. Halafu solda kapasita ya 100nF kati ya pini ya limiti na grandi, karibu kabisa na bodi. NC uliyochagua ni sahihi, usirudi kwenye NO (umeme unapita ikibonyezwa tu), maana NC inashikiliwa grandi muda wote wakati NO inategemea resista ya ndani ya chipu ambayo ni 20 mpaka 50 kilo-omu, dhaifu, kelele inaiyumbisha kirahisi. Halafu waya ukikatika NC inakwambia papo hapo.

Wapo watakaokushauri upandishe $26, muda wa kusubiri swichi itulie. Hiyo inasaidia wakati wa kuhomu tu, kwenye ALARM:1 katikati ya kazi haifanyi kitu. Na ikitokea tena usitumie $X (amri ya kufungua alamu) ukaendelea na kazi, mashine imesimama ghafla haijui tena iko wapi, homu upya kwanza, ndipo unaokoa ubao.

Niaje fundi, niko Nakuru. Yangu inahomu lakini inakimbilia kona ya kulia nyuma na mimi swichi nimeweka kushoto mbele, inagonga hadi mota inalia. Nibadilishe nyaya za mota?

Poa ndugu, usibadilishe. Kwanza isogeze mwenyewe kupitia programu, X ya kuongeza iende kulia, Y iende nyuma. Kama iko sawa hivyo, tatizo ni $23 peke yake, setingi ya upande wa kuhomu: X ni 1, Y ni 2, Z ni 4, unajumlisha zile unazotaka zigeuke. Yako ni $23=3. Kama inaenda kinyume hata ukiisogeza mwenyewe, hapo unaanza na $3, ya kugeuza mwelekeo wa mota, hesabu ni ile ile. Na siku ya kujaribu punguza $25 (spidi ya kutafuta swichi) iwe 200, mkono uwe kwenye swichi ya umeme.

Fundi habari. Meza yangu ni sentimita 60 kwa 90. Ikiwa karibu na swichi inahomu vizuri, ikiwa mbali inasimama njiani na ALARM:9. Msomaji, Unguja.

Nzuri. Angalia $130 na $131, urefu wa safari ya X na ya Y kwa milimita, nadhani bado ziko 200 zilivyokuja. GRBL inatafuta swichi kwa umbali wa mara moja na nusu ya namba hiyo, yaani 300mm, ikifika hapo haijaiona inaacha. Weka 600 na 900, na $132 weka urefu halisi wa Z yako.