Begi la Projekta Linapimwa Kwenye Kiti cha Basi

Jumatatu nilipata ujumbe wa mwalimu mmoja aliyeko Iringa. "Dada, shikamoo. Nimepata kazi ya kuzunguka wilayani kufundisha vikundi. Projekta nimeshanunua, kompyuta ninayo. Nichukue begi gani la magurudumu?" Nikamjibu kwa mistari miwili, nikalala. Asubuhi nikaona nimemnyima, maana jibu langu lilitoka kwenye safari moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka koo linakauka.

Ilikuwa mwaka 2019. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeacha ajira, nikaitwa Njombe kufundisha utunzaji wa hesabu kwa viongozi wa vikoba, watu sitini, siku tatu. Kazi yangu ya kwanza nje ya Dar es Salaam. Projekta niliinunua kwa mkopo, milioni moja na ushee. Begi nikalinunua Kariakoo siku moja kabla ya safari, elfu arobaini na tano: jekundu, gumu kwa nje, magurudumu manne yanayozunguka kila upande. Kwenye vigae vya dukani lilikuwa linateleza lenyewe. Nililisukuma kwa kidole nikajiona tayari mimi ni mkufunzi.

Enzi hizo mabasi ya mikoani yalikuwa bado yanaondokea Ubungo. Gurudumu la kwanza lilikatika pale pale stendi, kwenye kokoto, hata tiketi sijakaguliwa. Nikalibeba mkononi. Utingo akanipokea, akalisukumia kwenye buti, juu yake akapanga magunia na ndoo za watu. Nilimwona. Sikusema kitu, niliona haya abiria wasije wakadhani najidai. Kisha matuta ya Mikumi, kisha kona za Kitonga, na kila basi lilipoyumba moyo wangu ulikuwa kule chini kwenye buti.

Asubuhi yake ukumbini nikawasha projekta. Feni ikalia, taa ikawaka sekunde chache, ikazima. Nikarudia mara tano mbele ya watu sitini waliokaa kimya. Balbu imekufa. Nikafungua kompyuta: kioo kina ufa kutoka kona hadi kona, kwa sababu chaja niliilaza juu yake ndani ya begi. Mwenyeji wangu akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka viti vya nyuma, "Sisi tulidhani tumeita mtaalamu."

Nikafundisha siku zote tatu kwa chaki na karatasi kubwa. Walielewa, wengine walinikumbatia siku ya kuagana, na nililipwa. Lakini hawakuniita tena.

Sasa, mwalimu wangu, na wewe mwingine unayesoma hapa ukiwa na ndoto ya kusimama mbele ya kumbi kubwa: magurudumu manne madogo ni ya vigae na viwanja vya ndege. Kwa stendi zetu na barabara za vumbi tafuta mawili makubwa, ya mpira, yaliyozama nusu ndani ya mwili wa begi ili yasigongwe pembeni. Yageuze uangalie yamefungwa kwa kitu gani. Ukiona skrubu, fundi yeyote atakubadilishia. Ukiona ribiti, ile pini iliyogongwa isiyofunguka, siku gurudumu likikatika begi limekwisha. Mwombe muuza duka akuwekee mzigo wa kilo kumi ndani, utoke nalo nje, ulikokote kwenye kokoto. Akikataa, ondoka. Mkono wa kuvutia nao uuvute wote juu, uutikise: ukicheza ukiwa mpya, baada ya mwezi utabaki mkononi mwako.

Ndani, sponji iwe ngumu. Ibonyeze kwa kidole. Kidole kikigusa ukuta wa begi, hiyo ni pambo tu. Kompyuta ikae chumba chake peke yake, chaja na nyaya chumba kingine, na lenzi ya projekta isielekee upande wowote utakaogongwa.

Lakini lililo kubwa kuliko yote ni ukubwa wenyewe, na hili hakuna aliyeniambia. Begi zuri ni lile lisilohitaji kuingia kwenye buti. Projekta ya kawaida ya kubeba ina kilo mbili na nusu hadi tatu na nusu, kompyuta kama mbili, nyaya na ekstensheni kilo moja. Mzigo huo hauhitaji sanduku la harusi. Panda basi unalolitumia siku zote, pima kwa rula nafasi kati ya magoti yako na kiti cha mbele, nenda dukani na kipimo hicho. Siku hizi langu linakaa kati ya miguu yangu kutoka stendi ya Mbezi hadi ninakoshukia, na utingo akinyoosha mkono namwambia, "Hili hapana, kaka, hii ndiyo ofisi yangu." Hakuna hata mmoja aliyewahi kunikasirikia. Miaka yote ile nilikuwa naona haya ya nini? Tunaona haya kutetea vifaa vyetu vya kazi, halafu tunashangaa watu wakituona hatuko makini. Acheni jamani. Kitu kinachokulisha kitetee kwa mdomo wako.

Jambo la balbu nalo. Ukimaliza kufundisha usichomoe umeme ukafunga zipu. Zima, subiri feni isimame yenyewe, ndipo uifungashe. Balbu ya moto ikigongwa inakufa haraka. Mimi nafungasha projekta mwisho kabisa, baada ya kuagana na kila mtu.

Mwezi uliopita nimerudi Njombe, nimeitwa na watu wengine. Taa iliwaka mara ya kwanza nilipobonyeza. Niligeukia ukutani kidogo, nikajifanya natafuta chaki.

Kwa Iringa, kwa kuwa kutoka stendi mpaka kwenye vikundi utapanda bodaboda, chagua lenye mikanda ya mgongoni pia, magurudumu yafunikwe yasikuchafue nguo. Na balbu ya akiba usiiweke humo. Izungushie kanga, uipakie kwenye begi la nguo zako.